Intavyu ya Kompyuta Niliyodhani ni ya Redio

Wiki iliyopita mjukuu wangu Nasra alirudi kutoka kwenye intavyu ya kampuni moja kubwa, akajitupa kwenye kochi na viatu vyake miguuni. Hakunisalimu. Nikajua mambo yameharibika, maana shikamoo ya mtoto huyu kwa kawaida hufika mlangoni kabla yake.

"Bibi," akasema, "wameniuliza swali la programu hata sikulielewa. Nimekaa kimya mbele yao kama gogo. Nimeaibika."

"Walicheka?"

"Hapana, hawakucheka."

"Basi hujaona kitu. Mimi nilichekwa mpaka aliyenicheka miwani ikamdondoka, na aliyeiokota ni mimi mwenyewe."

Akainuka akakaa vizuri. Nikamsimulia, na sasa nawasimulia na ninyi vijana wengine mnaotafuta kazi za kuandika programu. Mimi niliifanya kazi hiyo mpaka nikastaafu, kwenye shirika moja kubwa la umma ambalo ofisi zake zilikuwa Posta. Jina lake sitalitaja. Niliingia enzi za Ujamaa, wakati kompyuta moja ilijaza chumba kizima na mtu akiitwa Ndugu badala ya Bwana.

Kwanza mjue kwamba niliomba kazi ile bila kujua ni kazi gani. Tangazo gazetini lilisema anatakiwa "mwanafunzi wa kuandika programu", awe amemaliza kidato cha sita na hesabu anaziweza. Ninyi mkisikia programu mnafikiria simu. Sisi tulifikiria redio. Programu ilikuwa kipindi: cha salamu, cha wakulima, cha taarabu. Nikasema hewaa, nitaandika vipindi, na nikibahatika nitavitangaza. Hesabu nikadhani ni za kupangia muda.

Basi nikajifua. Kila asubuhi nilisimama mbele ya kioo nyumbani kwetu Mtaa wa Mafia, Kariakoo, nikatoa sauti nzito ya kutangaza. Fundi cherehani wa barazani kwetu alikuwa ananiitikia kwa nje, "Endelea, tunakupata!" Mtaa mzima ukajua Somoe, binti wa Mzee Likwena, anaenda redioni.

Nilikuwa naihitaji kazi kweli. Miaka ile mtu asiye na kazi mjini alikuwa na jina lake: mzururaji. Mgambo wakikukuta Msimbazi saa za kazi, huna karatasi ya kuonyesha, unapandishwa kwenye lori na kupelekwa kijijini ukalime. Baba yangu, aliyekuja mjini kutoka Newala akiwa kijana na kuajiriwa kwenye kiwanda cha mikate, alikuwa ameshatoa kauli yake. Nisipopata kazi kabla ya mfungo, narudi Newala kwa baba mkubwa. Newala naipenda, ni kwetu. Lakini nilizaliwa Kariakoo, na jembe nilikuwa nalijua kwa sura tu.

Siku ya intavyu niliazima kwa jirani viatu vya raizoni, vile vya soli nene, nikavaa sketi ya kushuka chini ya magoti kwa kuwaogopa vijana wa chama waliokuwa wakipima urefu wa sketi za watu barabarani, nikatembea kupitia Mnazi Mmoja hadi Posta. Kufika ghorofa ya pili nikakuta benchi limejaa wavulana watupu, mashati yamepigwa pasi hadi yanasimama yenyewe. Mmoja akanitazama kutoka kichwani hadi kwenye raizoni.

"Dada, ukarani ni chini."

Nilishtuka mpaka nikageuka kweli nishuke. Kijana mwembamba wa Kihindi mwisho wa benchi akasogea kunipisha.

"Kaa hapa, dada. Hata mimi wameniambia duka liko barabara ya pili."

Huyo ndiye Kirit. Familia yake ilikuwa na duka la vitambaa upande wa Kisutu, na Kiswahili chake cha mtaani kilinizidi mimi mtoto wa Kariakoo. Nikakaa.

Mbele yetu kulikuwa na ukuta wa kioo. Nyuma ya kioo niliona makabati marefu, na kwenye makabati tepu kubwa zikizunguka, zinasimama, zinarudi nyuma, zinazunguka tena. Moyo wangu ukatulia.

"Studio yenyewe hiyo," nikamnong'oneza Kirit.

"Studio ya nini?"

"Ya kurekodia vipindi."

Akanitazama kwa huruma, akafungua mdomo anieleze, na hapo hapo likaitwa jina langu.

Ndani walikaa wawili. Ndugu Mkude alikuwa mkuu wa kitengo, amevaa suti ya mikono mifupi, na macho yake yalikuwa hayapepesi. Pembeni yake alikuwa Mama Ulomi, afisa utumishi, mwenye miwani iliyoning'inia kwenye ncha ya pua. Ndugu Mkude hakunizungusha.

"Ndugu Somoe. Programu ni nini?"

Nikakohoa kidogo, nikaishusha sauti mpaka kule nilikoizoesha mbele ya kioo.

"Programu ni kipindi. Kwa mfano, salamu kwa wagonjwa waliolazwa hospitalini. Mtangazaji anaanza kwa kuwakaribisha wasikilizaji popote walipo..."

Nikaendelea. Nikawasalimia wasikilizaji. Nikataja na saa. Nilipofika kwenye muziki laini, Mama Ulomi alikuwa ameangukia meza, mabega yanamtikisika, miwani iko sakafuni karibu na mguu wangu. Nikainama nikaiokota, nikampa kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa.

"Hii siyo redio?" nikauliza.

"Hii siyo redio," akasema Ndugu Mkude. Uso wake haukubadilika. "Lakini aliyekutangulia alisema programu ni ratiba ya sherehe. Wewe angalau umesema kitu kinachofuata mpango. Ukiolewa je?"

Swali hilo lilikuja bila kupiga hodi.

"Nani kaolewa?"

"Ukiolewa. Tutakufundisha, halafu mume akukataze kazi."

"Sina mchumba, mzee."

"Utampata."

"Basi nikimpata nitamleta hapa mumuulize yeye."

Mama Ulomi akashika miwani yake kwa mikono yote miwili isidondoke tena. Wakaniambia nikasubiri nje mtihani wa maandishi.

Niligusia habari hii kwenye harusi moja, vijana wakaniuliza, "Bibi, kwa nini hukuondoka?" Niondoke niende wapi? Newala? Isitoshe, tulipokuwa tunausubiri mtihani, wakati wa chai, Kirit alinivuta pembeni, akanikatia kipande cha kababu yake, akanieleza yale ambayo wengine kwenye benchi walikuwa wanayaficha kama njia ya kwenda peponi.

"Sikiliza. Kompyuta ni karani asiyechoka, lakini akili hana hata chembe. Ukimwambia nenda, anaenda. Usipomwambia simama, hasimami. Programu ni hayo maneno unayomwambia, moja moja, bila kuruka."

"Mbona unaniambia? Nafasi ni moja."

"Kwani nikikunyamazia mimi ndiyo nitajua zaidi?"

Mpaka leo silo jibu ninalolisikia mara nyingi kwenye foleni za kazi.

Mtihani ulikuwa wa mishale, maumbo na mafumbo ya hesabu, na niliufurahia kama mtu aliyekuwa na kiu. Walisahihisha papo hapo. Majina yalisomwa, wavulana wakaanza kuteremka ngazi mmoja mmoja, yule wa "ukarani ni chini" naye akateremka, na benchini tukabaki wawili, mimi na Kirit.

Sasa ndiyo ikaja ile ambayo mpaka leo ikinijia nahisi jasho. Tulipewa kila mmoja karatasi. Tuandike kwa Kiswahili cha kawaida, hatua kwa hatua, jinsi mashine itakavyopokea kadi za wafanyakazi na kuwatenga waliofikia likizo na wasiofikia. Nikaandika, nikajiona bingwa. Tulipomaliza, Ndugu Mkude akachukua karatasi zetu, akazibadilisha. Yangu kwa Kirit, yake kwangu.

"Tafuteni kosa la mwenzenu. Semeni kwa sauti."

Nikaisoma karatasi ya Kirit kutoka juu, nikarudia kutoka chini. Nilitamani kosa kama mtu anavyotamani maji. Sikuliona. Kirit alikuwa ameshaweka kidole kwenye yangu, na uso wake ulikuwa na huzuni.

"Hajaiambia mashine ifanye nini kadi zikiisha," akasema polepole. "Itabaki inatafuta kadi nyingine. Haitasimama mpaka kiama."

Ndicho kitu kile kile alichonieleza na kababu mkononi! Nilijishika kichwa. "Kweli kabisa," nikasema. "Kirit amesema kweli. Na mimi kwenye yake sijaona kosa."

Ndugu Mkude akaandika kitu. Kisha akamgeukia Kirit, na sauti yake ikawa nyingine.

"Ndugu Kirit, wenzako wengi wanaondoka. London, Kanada. Tukikufundisha, utabaki?"

Zilikuwa siku za serikali kuchukua majumba ya kupangisha, na ghorofa ya baba yake Kirit ilikuwa mojawapo. Kila mtu alilijua hilo, na hakuna aliyekuwa analisema mbele ya wenyewe.

"Nimezaliwa Kisutu, mzee," akasema Kirit. "Mama yangu amezaliwa Lindi. Niende wapi?"

"Mnasema hivyo wote."

Tukatolewa nje, tukarudi benchini. Mama Ulomi alipofungua mlango na kutuita, hakututazama machoni. Ndugu Mkude akasema kwa mkato: kazi amepata Ndugu Somoe Likwena, asante Ndugu Kirit kwa kuja.

Kirit akanipa mkono. "Hongera, dada," akasema, na akamaanisha.

Wajukuu zangu, nimeshtuka mara nyingi maishani. Nimeona mafuriko ya Jangwani yakibeba kitanda na godoro lake juu. Lakini sijawahi kushtuka kama niliposikia mdomo wangu mwenyewe siku ile.

"Kwa nini mimi?" nikauliza. "Yeye ameona kosa langu. Mimi sikuona lake."

"Yeye ataondoka. Na hilo silo jambo lako," akasema Ndugu Mkude.

"Mmetupa mtihani wa kutafuta kosa. Sasa nimeliona lenu, na siwezi kulinyamazia. Kazi ni yake."

Akaweka kalamu chini. "Ndugu, umekuja hapa kuomba kazi au kuigawa?"

Nilikuwa naiona Newala yote mbele yangu, na jembe likiwa limeegemezwa ukutani linanisubiri.

"Mpeni yeye," nikasema, nikatoka kabla sijabadilisha mawazo. Niliteremka ngazi zile na raizoni za watu nusura nianguke. Kufika Mnazi Mmoja nikakaa kwenye nyasi, nikalia kwa kwikwi, najiuliza ni shetani gani aliyesema kwa kinywa changu.

Nyumbani Baba alikuwa uani anatawadha.

"Umepata?"

"Nilipata."

"Alhamdulillahi! Unaanza lini?"

"Siendi, Baba. Nimemwachia mwenzangu."

Birika likabaki hewani, maji yakaendelea kumwagikia mguu mmoja tu.

"Umemwachia," akasema. "Kwani kazi ni kiti cha basi?"

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Bora angenigombeza. Fundi cherehani alizima redio yake wiki nzima kwa heshima, kama tuna msiba. Na Baba akaenda kunikatia tikiti ya basi la kusini.

Nilikuwa nafunga mzigo wangu gari la shirika liliposimama mbele ya nyumba. Gari la serikali Mtaa wa Mafia! Watoto wakakimbia, mama mmoja akapiga kelele kwamba wamekuja kumkamata Somoe kwa uzururaji. Akateremka Mama Ulomi, miwani ikiwa imefungwa kamba shingoni.

"Hodi hapa. Yuko yule mtangazaji?"

Baba akampa kiti. Mama Ulomi akasema maneno yake bila kuyapamba. Baada ya mimi kuondoka alikuwa amebishana na Ndugu Mkude mpaka wote wawili wakakauka koo, na mwisho Kirit akaitwa, akaanza kazi. Sasa msichana mmoja wa chumba cha panchi, kule wanakotoboa kadi, anaenda kujifungua.

"Siyo kazi uliyoomba," akaniambia. "Ni kukaa kwenye mashine kutwa nzima unagonga vidole. Sijaja kukubembeleza. Nimekuja kwa sababu mle ndani nahitaji mtu anayesema anachokiona."

Nilimtazama Baba. Baba aliitazama tikiti ya basi, kisha akaiweka mfukoni.

Ndivyo nilivyoingia. Ninyi hamjui panchi, nawaeleza. Kila mstari wa programu ulikuwa kadi moja ngumu yenye matundu, na programu moja ilikuwa bunda zima la kadi. Tundu moja likikosewa, mashine inakataa, unaanza upya. Na kadi zikianguka zikachanganyika, ole wako. Mimi ziliniponyoka mlangoni mwezi wa kwanza tu. Kirit aliyekuwa anapita akapiga magoti tukaokota pamoja, akanifundisha jambo ambalo hata mhandisi wa kigeni aliyetutembelea alilisifu: panga bunda, kisha chora mstari wa penseli wa mshazari juu ya kingo zake. Likianguka, unarudisha mstari unyooke, na kadi zote ziko mahali pake. Leo hakuna kadi, lakini bado nawaambia vijana, kabla hujakimbia na kazi yako, iwekee alama utakayoirudia ikimwagika.

Kwa kuwa nilizipiga kadi zake zote, nilijifunza programu zake kwa vidole kabla ya kuzijua kwa kichwa. Wakati wa chai alikuwa ananiuliza, "Hapa nimefanya nini?" Nikijibu sijui, anafurahi. Alikuwa anasema anayejua asichokijua ameshafika nusu ya safari. Nikimwambia hapa umekosea, anafurahi zaidi, na mara nyingine nilikuwa nimepatia. Hiyo ndiyo shule niliyosoma. Hata mje na vyeti vya kujaza begi, tafuteni mtu wa kumwonyesha kazi yenu bila kuona haya.

Kisha siku moja Kirit akaniambia twende Feri tukale samaki mchana. Tukakaa Kivukoni na samaki wetu kwenye gazeti. Hakugusa wake.

"Somoe, tunaondoka. Mama ana ndugu zake Kanada. Karatasi zimetoka."

Mwiba ukanikwama kooni, nikakohoa mpaka machozi.

"Uliwaambia unabaki! Mimi nilisimama mle ndani kwa ajili yako!"

"Niliwaambia nilichokijua siku ile," akasema. "Sikuwadanganya, na wala wewe sikukudanganya. Baba hana nyumba tena, amechoka, na mimi ndiye mtoto wa kiume wa pekee."

Nilikasirika sana, na niliumia kuliko nilivyokasirika. Tulikaa pale mpaka samaki wakapoa, hakuna aliyekula. Mwisho nikamwuliza kama huko kuna kompyuta. Akasema ziko nyingi. Nikamwambia, basi awaonyeshe mstari wa penseli.

Alipoondoka, Ndugu Mkude aliniita ofisini. Nilipanda nikiwa nimejiandaa kwa "nilikuambia". Na kweli ndilo neno lake la kwanza.

"Nilikuambia ataondoka."

"Uliniambia, mzee. Lakini mishahara ya watu imetoka wiki hii kwa programu yake, na likizo za watu zinapangwa na programu yake. Kazi aliyoifanya haikuondoka naye."

Akanitazama kwa yale macho yasiyopepesa. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo, nimerudi Newala.

"Ipo nyingine ya akiba ya stoo ambayo hakuimaliza," akasema. "Unaijua?"

"Nimeipiga kadi zote."

"Imekosea wapi?"

Nikamwambia wapi. Palikuwa pawili. Nilipomaliza aliinuka, akatembea hadi kwenye meza ya Kirit, akavuta kiti. "Kaa," akasema. Hiyo ndiyo ilikuwa intavyu yangu ya pili. Nilikaa nikiwa nimeduwaa, na Mama Ulomi mlangoni akajifanya anafuta miwani.

Baba hakuamini mpaka aone. Ndugu Mkude akaruhusu, na Ijumaa baada ya swala Baba akaja na kanzu yake hadi kwenye chumba cha mashine. Baridi ya mle ndani ilimfanya akunje mikono kama yuko mlimani. Nikaweka bunda langu la kadi, nikabonyeza. Tepu zikaanza kuzunguka, na mashine ya kuchapa ikanguruma ghafla. Baba akaruka nyuma, akanishika mkono kama mimi ndiye mzazi. Karatasi zilikuwa zinamiminika, mstari baada ya mstari, zinaanguka kwenye kapu. Aliitazama muda mrefu, macho yamemtoka.

"Hiki kitu chote kinafanya unachosema wewe?"

"Ndiyo, Baba."

Akasogea karibu na sikio langu, akawatazama kwanza wanaume waliokuwa mle ndani.

"Kinajua kwamba wewe ni mwanamke?"

"Hakijui, Baba."

Akafikiri.

"Basi usikiambie."

Nimefanya kazi na mashine za kila aina tangu siku ile mpaka nikastaafu, na hata moja sikuiambia.